Je, wajua kwa nini Dar tunasema "nipe mafuta ya jero"?

Simama mbele ya duka lolote la Mbagala au Manzese mwendo wa saa moja usiku, daladala zikishusha watu, kisha tega sikio. "Mangi, mafuta ya jero." "Sukari ya buku." "Sabuni kipande." (Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000.) Humsikii mtu akitaja mililita wala gramu. Mteja anataja pesa, kiasi atajua muuzaji. (Mangi ni cheo cha watawala wa Kichaga wa zamani, ila mjini hapa ni kila mwenye duka, hata akiwa Mkinga.)

Sababu yenyewe iko mfukoni. Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu kwa bosi, anaweka mafuta kwenye pikipiki, kinachobaki ndicho cha leo. Mama ntilie naye, akishatenga mtaji wa kesho, hana zaidi. Anayepata kwa siku hununua kwa siku. Akibeba lita nzima ya mafuta ya kula, unga na mkaa vitabaki dukani.

Si kwamba hajui anapoumia. Tuseme lita ni shilingi 6,000, na kipimo cha mililita 50 ni shilingi 400. Vipimo 20 vinafika 8,000, yaani 2,000 zimepotea. Mwulize mama yeyote, atakwambia analijua hilo, kisha atakwambia na la pili: chupa ikikaa jikoni kila mtu anamimina tu, lakini kipimo kinabana mkono. Nilidhani ni kisingizio mpaka niliponunua dumu la lita 5 na kuona lilivyoyeyuka.

Viwanda vililisoma somo hili zamani. Huko India, shampuu ya Chik iliyoanza miaka ya 1980 ilipata wateja wengi kwa vipakti vidogo vya bei ya sarafu. Kwetu ni sabuni ya unga, majani ya chai, bando la siku, hata umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa buku mbili. Pombe nayo ilikuwamo: viroba, hadi serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Kitu cha bei ya sarafu humfikia kila mtu, na wanafunzi wakiwamo.

Bei ikishaganda kwenye sarafu, kuing'oa ni shughuli. Sarafu ya 500 tunayo tangu 2014, na jero imekaa vizuri mkononi na mdomoni. Ukiuza kitu 550, utagombana na wateja kuhusu chenji kutwa. Kwa hiyo gharama zikipanda, bei inabaki pale pale, kinachopungua ni mzigo. Ndiyo maana andazi hunywea kwanza, bei yake hupanda baadaye.

Ila wanaonivutia zaidi si wenye viwanda. Ni wale akina mama wa uswahilini wanaouza maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Ukichemsha kikombe kimoja nyumbani, utakaa saa mbili na kumaliza mkaa ambao huenda bei yake inazidi ya maharage yenyewe. Yeye anachemsha sufuria moja kubwa, moto ule ule unagawanyika kwa wateja thelathini. Wewe uliyetoka kazini umechoka unaunga tu kwa kitunguu na nyanya, mnakula. Kisamvu kilichotwangwa na nazi iliyokunwa ni biashara ile ile: unauziwa chakula, na muda ndani yake.

Halafu kuna nyongeza. Muuza maharage mzoefu hajazi kikombe hadi juu mara ya kwanza. Anapima, anamimina kwenye bakuli lako, halafu anarudisha upawa sufuriani na kukuongezea kidogo huku unamtazama. Jumla huenda ni kiasi kile kile cha jirani yake aliyejaza mara moja. Kesho utapita kwa nani?