Dawa ya Kisukari na Ini Lenye Mafuta: Matokeo ya Seli Si Cheti cha Daktari

Wapo watu wasio na kisukari wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, ili kuondoa mafuta kwenye ini. Chanzo chake mara nyingi ni taarifa ya kweli iliyosomwa nusu, kwamba dawa hiyo imepunguza mafuta ndani ya seli za ini zilizooteshwa maabara.

Seli zinazotumiwa sana katika majaribio hayo huitwa HepG2, na asili yake ni saratani ya ini ya kijana wa miaka 15. Hulishwa asidi ya oleiki na asidi ya palmitiki, aghalabu kwa siku moja tu, hadi zijae matone ya mafuta, kisha hutiwa dawa na kupakwa rangi nyekundu inayoshika mafuta. Wekundu ukififia, mtafiti hupima pia kimeng'enya cha AMPK, ambacho kikiamka hupunguza utengenezaji wa mafuta mapya. Aidha, analazimika kuhakikisha kwamba seli bado zi hai, kwa sababu seli zilizokufa zikabanduka na kuoshwa nazo hupunguza wekundu.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kipimo. Majaribio mengi ya seli hutumia metformini ya milimola 1 hadi 10 kwa lita, ilhali katika damu ya mgonjwa anayefuata dozi yake kiwango kwa kawaida hakivuki mikromola 40, na milimola moja ni mikromola 1,000. Hata tukikubali kwamba ini hupokea dawa nyingi kuliko damu ya mkononi, pengo hilo halizibwi kwa kuongeza vidonge. Anayejaribu kuliziba, hasa mwenye figo dhaifu, anajitafutia mrundikano wa asidi ya laktiki unaoweza kuua.

Isitoshe, sehemu kubwa ya mafuta ya ini hutoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, na seli za aina moja zilizo peke yake hazina akiba hiyo, wala hazina seli za kinga na zile zinazotengeneza makovu. Ndiyo maana metformini, pamoja na sifa zake maabara, haipendekezwi kuwa tiba ya ini lenye mafuta. Pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, imewafaa baadhi ya wagonjwa, lakini huongeza uzito na haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi. Semaglutaidi, nayo dawa ya kisukari, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2025 kwa ini lenye mafuta lililovimba na kupata makovu ya wastani hadi makubwa, baada ya majaribio kwa binadamu. Wanaodai kwamba dawa ya kisukari haiwezi kudhuru ini wasome habari za troglitazoni, iliyoondolewa sokoni nchini Marekani mwaka 2000 kwa kuharibu maini.

Daktari anaweza kuandika dawa kwa matumizi yasiyomo kwenye kibali cha dawa hiyo, akieleza sababu na kufuatilia vipimo vya figo na ini. Muuza duka la dawa hana mamlaka hayo. Pale ambapo sheria inadai cheti, muuzaji anayetoa dawa bila cheti anaweza kutozwa faini, kufungiwa leseni au kushtakiwa. Aliyekwisha kuanza kumeza na akapata kichefuchefu kisichoisha, kupumua kwa shida au macho ya manjano aende hospitali mara moja, akiwa na pakiti yenye namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda na maelezo ya kiasi alichomeza, kwa kuwa taarifa ya madhara isiyo na namba ya toleo ni vigumu kuifuatilia.