Jinamizi halikukalii kifuani

Unazinduka usiku, neti unaiona, lakini mkono hauinuki wala sauti haitoki. Kifua kizito kama kimebebeshwa gunia la mchele. Wengi tumekuzwa tukiambiwa ni jini au mchawi amekukalia.

Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusirushe mateke kwa kufuata ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, na mabaki ya ndoto huchanganyika na chumba unachokiona. Ndiyo maana kile kivuli mlangoni huonekana kweli kabisa. Hofu yake si ya kujitungia, ila pumzi haikatiki, na hali hupita baada ya sekunde au dakika chache. Uchovu, kukosa usingizi na kulala chali huichochea. Ikinipata, mimi hujinasua kwa kuanza kujaribu kutikisa kidole gumba cha mguu.