Ramani ya Mtaa ni Mali ya Nani?

Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa vijana waliokuwa wakichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko jijini Dar es Salaam, katika mradi uliojulikana kwa jina la Ramani Huria. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila kikundi kilipewa karatasi yenye picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, kalamu, na simu yenye GPS, kisha kikaongozana na mjumbe wa shina kupita uchochoro kwa uchochoro. Siku moja, katika mtaa ulio bondeni mwa mto Msimbazi, mjumbe wetu alitusimamisha mbele ya nyumba ya matofali ya saruji, akatuonyesha ukutani mstari wa rangi ya udongo uliomfika kifuani: hapo ndipo maji ya Desemba 2011 yalipoishia. Binti mmoja katika kikundi akavuta tepu, akapima kutoka ardhini hadi kwenye mstari, akaandika. Mzee akamwangalia mpaka alipomaliza, ndipo akamwuliza, “Haya, mwanangu, mmeandika. Ikikamilika, hii ramani itakuwa mali ya nani?” Binti akajibu, “Itakuwa ya wote, mzee.” Mzee akatikisa kichwa. “Ya wote kwa maneno, au kwa maandishi?”

Nimefanya kazi ya data za ramani kwa miaka mingi, na sijapata kusikia swali linalofika kwenye kiini cha fani yangu kuliko hilo. Makala hii ni jibu langu kwa urefu. Msimamo wangu ni kwamba jamii ya watu wanaochangia data mtandaoni haiwezi kumwamini mtunzaji wa data hiyo kwa sababu ya wema wake, ukubwa wake, wala sifa zake. Inaweza kumwamini kwa kadiri tu ambavyo hati iliyoandikwa kabla ya mchango wa kwanza inawaruhusu wachangiaji kuondoka na nakala kamili ya kazi yao siku atakapogeuka. Mahali ambapo ruhusa hiyo haipo, ukiritimba umekwisha kuzaliwa, hata kama bado haujaanza kumdhuru mtu. (Siku hizi neno ukiritimba hutumiwa sana kwa maana ya urasimu wa ofisini, hapa nalitumia kwa maana ya soko au huduma kuhodhiwa na mmoja.)

Mfano unaofundisha kuliko yote hautoki kwenye ramani bali kwenye muziki. Santuri za CD za zamani hazikubeba majina ya nyimbo. Kompyuta iliposoma CD ilichoona ni idadi ya nyimbo na urefu wa kila mmoja. Katika miaka ya 1990 Ti Kan, aliyekuwa ametengeneza programu ya kupiga CD iitwayo xmcd, pamoja na Steve Scherf, waliweka kwenye intaneti kanzidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa, iliyoitwa CDDB. Programu ilikokotoa namba ya utambulisho kutokana na urefu wa nyimbo, ikaiuliza seva, na kama CD ile haikuwamo, mtumiaji aliombwa aandike mwenyewe majina ya albamu, msanii na nyimbo, kisha ayatume ili anayefuata asihangaike. Watu wengi mno, wa nchi nyingi, waliketi na majalada ya CD zao wakaandika bila malipo, kwa kuwa kila mmoja alinufaika na jasho la mwenzake.

Mwaka 1998 kanzidata ile iliuzwa kwa kampuni ya Escient, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa imegeuka kuwa kampuni yenye jina la Gracenote. Watengenezaji wa programu waliotaka kuendelea kuitumia walitakiwa kuingia mikataba ya leseni, na waliokuwa wamechangia majina hawakuwa na kauli yoyote katika mauzo. Mwaka 2008 Sony iliinunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260 za Marekani. Baadhi ya wachangiaji waliona wamedhulumiwa, wakaanzisha kanzidata mbadala; freedb ilisimama juu ya nakala za zamani zilizokuwa zimetolewa kwa leseni huria, yaani hati inayomruhusu yeyote kunakili na kutumia, na MusicBrainz ikaanza kujenga upya kwa misingi mingine. Linalopaswa kuangaliwa hapo ni hizo nakala za zamani. Kilichowapa watu wale pa kuanzia ni kile tu kilichokuwa kimetoka kwa leseni iliyoandikwa; michango yote iliyoingia baada ya hapo ilibaki ndani ya ukuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilipotea mbele ya macho ya wenyewe.

Msomaji atauliza kwa nini wachangiaji hawakwenda mahakamani kudai hakimiliki ya walichoandika. Jibu linatufikisha kwenye kesi ambayo kila anayeshughulika na data anapaswa kuijua. Huko Kansas, Marekani, kampuni ya simu ya Rural Telephone ilikuwa na haki ya pekee ya kutoa huduma ya simu katika eneo lake, na ililazimika kutoa kila mwaka kitabu cha majina na namba za wateja. Kampuni nyingine, Feist, ilitaka kuchapa kitabu cha eneo kubwa zaidi, ikaomba ruhusa kwa kampuni 11 za simu. 10 zilikubali, Rural ikakataa. Feist ikatumia majina ya Rural bila ruhusa. Kati ya majina 46,878 yaliyokuwa katika kitabu chake, 1,309 yalifanana kabisa na ya Rural, na manne kati ya hayo yalikuwa ya watu wasiokuwapo duniani, ambayo Rural ilikuwa imeyapachika makusudi ili kumnasa mwigaji. Wizi wa wazi, tungesema. Lakini mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Sandra Day O’Connor, iliamua kwamba majina, miji na namba za simu ni ukweli, na ukweli hauna mtunzi. Jasho la kuukusanya, hata liwe jingi namna gani, halizai hakimiliki. Kinacholindwa ni ubunifu katika kuchagua na kupanga, na kupanga majina kwa alfabeti si ubunifu.

Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki. Kama ukweli ungeweza kumilikiwa, aliyetangulia kupima mto angeutoza ushuru mji mzima. Katika kesi ile ile, aliyeshindwa ndiye aliyekuwa akihodhi. Hata hivyo sheria hiyo ina upande wa pili ambao haukuonekana sana mwaka 1991: inapomwondolea mkubwa nguvu ya kufungia ukweli, inamwondolea pia mdogo kinga dhidi ya mkubwa. Mchumia juani, ikiwa alichochuma ni namba za simu, hana hakika ya kulia kivulini. Ulaya walijaribu kuliziba pengo hilo kwa kutunga, mwaka 1996, haki mahususi ya kanzidata inayomlinda kwa miaka 15 aliyewekeza katika kukusanya. Katika nchi nyingi kwingineko pengo lilibaki.

Pengo hilo lilionekana Nairobi. Mocality ilikuwa orodha ya biashara za Kenya iliyojengwa kwa mguu: watu wa kawaida walizunguka mitaani wakaandika jina la duka, mahali lilipo na namba ya mwenyewe, nao wakalipwa kwa M-Pesa kwa kila taarifa iliyothibitishwa. Maduka mengi ya aina hiyo hayakuwa katika orodha nyingine yoyote. Januari 2012 Mocality ilieleza hadharani kwamba wafanyabiashara waliomo katika orodha yake walikuwa wakipigiwa simu na watu waliojitambulisha kuwa wa Google, wakiuza huduma ya tovuti na kudai kwamba wanashirikiana na Mocality. Ushirikiano huo haukuwapo. Ili kupata ushahidi, Mocality ilibadilisha namba zilizoonekana na wageni wale tu wa tovuti yake ambao ilikuwa ikiwashuku, ili simu zao ziingie katika kituo chake yenyewe cha kupokea simu, na huko mazungumzo yakarekodiwa. Ni mtego wa Rural uliozaliwa upya baada ya miaka mingi. Google ilikiri kwamba watu waliofanya kazi katika mradi wake walikuwa wametumia data ile isivyofaa na kusema uongo juu ya uhusiano wa kampuni hizo mbili, ikaomba radhi.

Katika kisa hicho wengi walikasirishwa na kunakiliwa kwa data, na mimi pia nilikasirika. Lakini kadiri ninavyokifikiria, ndivyo ninavyoona kwamba jeraha kubwa lilikuwa jingine. Fundi cherehani aliyempa kijana namba yake alifanya hivyo kwa kuwa alimwona uso kwa uso, akaamini jina la Mocality. Aliyempigia simu baadaye kwa jina hilo hilo alitumia imani ambayo hakuijenga. Namba inaweza kupigwa chapa upya katika kitabu kingine bila fundi kupungukiwa na kitu. Imani yake ikishatumiwa vibaya, kijana mwingine atakayekuja na karatasi, kwa nia njema kabisa, atafungiwa mlango. Sheria ya hakimiliki haina kifungu cha kulinda jambo hilo, na sidhani kama inapaswa kulazimishwa kulilinda.

Nini basi kinalinda? Wasomaji wa pwani wanalo neno tayari: wakfu. Mtu akichimba kisima akakiweka wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Msimamizi hukisafisha na kukitengeneza, lakini hawezi kukigeuza mali yake, na kila apitaye huteka maji. Leseni huria ya kanzidata hufanya kazi kwa karibu sana namna hiyo. OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, na ndiyo tuliyoichora bondeni Msimbazi, humruhusu yeyote kunakili data yote, kuitumia, hata kuiuza, kwa masharti mawili makubwa: ataje kwamba chanzo ni wachangiaji wa OpenStreetMap, na akitoa hadharani kanzidata aliyoiboresha kutokana nayo, aitoe kwa leseni ile ile. Kampuni yoyote inaweza kuteka maji. Hakuna inayoweza kujenga ukuta kuzunguka kisima.

Mwanzoni OpenStreetMap ilitumia leseni ya Creative Commons, iliyotegemea hakimiliki, na kwa sababu ya hukumu kama ile ya Feist ilidhihirika kwamba msingi huo ni dhaifu: barabara ni ukweli. Septemba 2012 ramani ilihamia leseni ya ODbL, leseni huria iliyotungwa mahususi kwa kanzidata, inayoegemea hakimiliki, haki ya kanzidata na mkataba kwa pamoja. Kuhama huko hakukufanywa kwa amri. Kila mchangiaji aliulizwa, na michango ya waliokataa, au ambao hawakujibu, iliondolewa kabla ya kuhama. Australia na Poland ziliumia sana. Barabara zilizokuwapo jana zilitoweka, na watu wakalazimika kuzichora upya. Wapo waliosema ni upotevu wa kipuuzi. Mimi naamini ndiyo siku OpenStreetMap ilipostahili kuaminiwa, kwa kuwa ilikubali kuwa na ramani yenye matundu kuliko kutumia mchango wa mtu kinyume cha masharti aliyoyakubali. Linganisha na Map Maker ya Google, iliyozinduliwa mwaka 2008 na kuwapa watu wengi wa nchi zetu nafasi ya kuchora mitaa yao kwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 ilifungwa kwa uamuzi wa mwenye nyumba, na hakukuwa na kura, kwa kuwa hati yake haikuwahi kuahidi kura.

Hati ya OpenStreetMap imeahidi. Masharti ya wachangiaji yanasema kwamba leseni inaweza kubadilishwa tu kuwa leseni nyingine iliyo huru, kwa kura ya wanachama wa taasisi inayosimamia ramani, na kwa idhini ya angalau theluthi mbili ya wachangiaji hai. Mchangiaji hai ni nani? Ni mtu aliyehariri ramani katika miezi yoyote mitatu kati ya 12 iliyopita, mwenye anwani ya barua pepe inayofanya kazi, na anayejibu ndani ya wiki tatu.

Kifungu hicho hunikosesha usingizi. Kampuni kubwa sasa zinaihitaji ramani hii kwa biashara zao. Amazon, Meta, Microsoft na TomTom zilianzisha pamoja Overture Maps, mradi wa data za ramani, mwishoni mwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya data yake hutoka OpenStreetMap. Kampuni kadhaa hulipa watu wahariri ramani kila siku ya kazi. Silalamikii jambo hilo, kwa maana barabara iliyochorwa vizuri na mwajiriwa ni barabara iliyochorwa vizuri. Ila wao ni wachangiaji hai mwezi baada ya mwezi, wakati vijana wetu walichora kwa nguvu mradi ulipokuwapo, kisha fedha za wafadhili zikaisha, nao wakaenda kutafuta riziki. Kisima hakiuzwi, lakini sauti ya namna ya kukisimamia iko kwa wanaokuja kuteka mara kwa mara.

Kwa hiyo nilikitafsiri kifungu kile kwa Kiswahili, nikakichapa kwa herufi kubwa, nikakipeleka katika ofisi ya serikali ya mtaa kule bondeni, kikabandikwa ubaoni chini ya ramani. Mjumbe wetu alikuwapo. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari akifuatisha kwa kidole, akaniuliza maana ya theluthi mbili ya wachangiaji hai, nikamweleza. Kisha akapandisha kidole kwenye ramani, akakisimamisha nyuma ya msikiti, akaniambia kivuko kilichochorwa pale kilisombwa na mvua za mwaka jana, na kwamba kama wahariri wanatakiwa kuwa hai, basi yule binti wa tepu aje Jumamosi, yeye mwenyewe atampeleka.