Msahafu wa Madina haukuchapwa kwa kompyuta: tunavyokosea kuhusu khati

Mwonyeshe mtu msahafu wa Madina, ule wanaorudi nao mahujaji, umuulize herufi zake zimetoka wapi. Wengi watajibu: kompyuta. Huwezi kuwalaumu. Kurasa ni 604, karibu kila moja ina mistari 15 iliyonyooka, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Lakini aliyeandika yote hayo ni mtu mwenye kalamu, Uthman Taha, khatati (bingwa wa khati, yaani sanaa ya mwandiko wa Kiarabu) mzaliwa wa Syria aliyehamia Madina mwaka 1988. Mitambo inanakili tu mwandiko wake. Tafuta neno linalojirudia ukurasa mmoja, ulitazame kwa makini: hapa limebanwa kidogo, pale limeachiwa nafasi, kutegemea mstari umebakiwa na upana gani.

Dhana ya pili ni kwamba khati ni kipaji. Ama umejaliwa mwandiko mzuri, ama hukujaliwa. Kipaji kinasaidia, ila msingi wake ni vipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliziwekea herufi kanuni. Kipimo chake ni nukta. Bonyeza ncha ya kalamu ya tete mara moja kwenye karatasi, upate alama yenye pembe nne. Hiyo ndiyo rula yako. Urefu wa alifu unahesabiwa kwa nukta, kisha alifu inakuwa kipenyo cha duara, na herufi nyingine zinapimwa humo. Ukibadili kalamu ukachukua pana zaidi, nukta inakua, na mwandiko mzima unakua nayo kwa uwiano ule ule. Hata ncha yenyewe ina elimu yake: Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki mwaka 1298, anasifiwa kwa kuikata mshazari, ndipo mstari ukapata unene na wembamba wa kupendeza.

Ndiyo maana mwanafunzi hakurupuki. Kwa desturi ya Istanbul, somo la kwanza ni dua, Rabbi yassir wala tuassir, na anaweza kukaa nayo miezi akirudia herufi zile zile huku mwalimu akisahihisha kwa wino mwekundu. Akifuzu anapewa ijaza, yaani idhini ya mwalimu, na hapo tu ndipo anaporuhusiwa kutia jina lake chini ya kazi yake. Wapo wanawake waliofika huko pia. Esma Ibret alikuwa khatati wa kutajika huko huko Istanbul mwishoni mwa karne ya 18, na Baghdad ilikuwa na Shuhda, aliyefariki mwaka 1178, mwanazuoni wa hadithi aliyejulikana kwa lakabu ya al-Katiba, yaani mwandishi.

Utasikia pia kwamba Waislamu walikimbilia herufi kwa sababu picha zimeharamishwa. Ni kweli huoni picha za watu msikitini wala kwenye msahafu. Ila kuta za kasri la Qusayr Amra, Jordan, zilichorwa watu tangu karne ya 8, na vitabu vya Uajemi viliweka picha na nastaliki, mtindo wa mwandiko wa huko, kwenye ukurasa mmoja. Heshima ya kalamu haikungoja katazo lolote: imetajwa mwanzoni mwa Surat al-Alaq.

Na si kila khati ni aya. Wapo wanaookota karatasi yoyote yenye Kiarabu wakaibusu, hata ikiwa lebo ya tende! Mabakuli ya Nishapur, Uajemi, ya karne ya 10 yana methali na dua za kumtakia heri mwenye bakuli. Kuta za kasri la Alhambra, Hispania, zina mashairi ya mshairi Ibn Zamrak.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kuifanya khati mali ya Waarabu peke yao. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha khati ya Kiarabu kuwa urithi wa utamaduni kwa ombi la nchi 16, na mwaka huo huo ikaorodhesha ya Uturuki kando. Nastaliki ni ya Waajemi. Na sisi je? Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, uutazame ukuta wa kibla. Humo mna maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ncha za herufi zikichanua majani, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Kisha kuna Siyu, kisiwani Pate, karibu na Lamu. Ukionyeshwa msahafu wa zamani uliotoka Lamu, jibu la haraka ni kwamba uliletwa na jahazi kutoka Uarabuni. Lakini Siyu ilikuwa na waandishi wake wa misahafu katika karne za 18 na 19, na kazi yao inatambulika: wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na mapambo ya pambizoni ambayo huwezi kuyadhania kuwa ya Istanbul. Kilichokuja na jahazi mara nyingi ni karatasi, nayo ilitengenezwa Ulaya.