Ruhusa za wakala wa AI ndani ya programu ya muziki: maana yake

Wakala wa AI ni programu inayopewa lengo, ikajipangia hatua na kuzitekeleza kwa zana ilizounganishiwa. Studioni, zana hizo ni amri za programu ya kurekodia: ongeza treki (njia moja ya sauti ndani ya projekti), punguza sauti, weka plagini (programu ndogo ya kuongeza athari za sauti), toa faili la mwisho. Siku hizi nyingi huunganishwa kwa MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kumuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na kampuni ya AI ya Anthropic Novemba 2024. Kudhibiti ruhusa ni kuamua mapema zana zipi wakala azifikie, kwenye folda ipi, na zipi zisubiri idhini ya mtu.

Kumwandikia "usifute chochote" ni ombi tu. Mazungumzo yakirefuka anaweza kulipuuza, au akapotoshwa na maandishi aliyoyakuta kwenye projekti iliyoletwa na mteja, hata jina la treki. Asiyepewa zana ya kufutia hafuti.

Chukua studio ya Mwanjelwa, Mbeya, iliyorekodi kwaya kutoka Tukuyu. Wimbo mmoja wa dakika 5, treki 24 za mono, 48 kHz, biti 24, ni takriban GB 1. Kwaya imesharudi kwao; mafaili hayo yakipotea hakuna wa kumwambia aimbe tena. Kitufe cha kutendua hurudisha mabadiliko ya projekti, hakirudishi faili lililofutwa kwenye diski.

Kwa hiyo kusoma majina ya treki na viwango vya sauti kunaruhusiwa bila kuuliza. Kubadilisha sauti na EQ (uwiano wa besi na sauti kali) kunaruhusiwa ndani ya mpaka, na mpaka huo uandikwe kwenye msimbo wa seva ya MCP (programu inayompa wakala zana hizo), mfano mwisho +3 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Kuongeza +12 dB ni kuzidisha volti karibu mara 4, na twita za spika (spika ndogo za sauti kali) zinaweza kuungua. Limita (kizuizi cha sauti isipite kiwango) ya treki kuu, sauti zote zinapokutania, wakala asiifikie kabisa. Idhini ibaki kwa kufuta, kuandika juu ya faili la zamani, na kutuma sauti mtandaoni (ile GB 1 inakula bando lako). Ukimlazimisha aombe idhini kwa kila kitu, fundi atachoka na kuanza kubonyeza "ndiyo" bila kusoma.

Kinachovunja mpango huu mara nyingi ni zana moja: "endesha skripti". REAPER, moja ya programu za kurekodia, hukubali skripti za lugha ya Lua, na Lua ina amri ya kufuta mafaili. Ukiiacha zana hiyo wazi, mipaka mingine yote ni mapambo.

Kumbuka pia kwamba amri inayopitia programu ya muziki hutumia haki za programu hiyo. Kumfungia wakala peke yake hakutoshi: kwenye folda ya sauti asilia, ondoa haki ya kuandika na kufuta kwa akaunti inayoendesha programu yenyewe, na nakala nyingine ikae kwenye diski iliyochomolewa.

Kama mawasiliano na programu ya muziki ni ya OSC (itifaki ya kutuma amri za sauti kwenye mtandao), jua kwamba OSC haina nenosiri. Ikisikiliza kwenye 0.0.0.0 (yaani miunganisho yote ya mtandao ya kompyuta), simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya studio inaweza kuituma amri, ukuta wa moto usipoizuia; iweke 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyo hiyo tu. Kisha fungua nakala ya projekti isiyo na thamani, mwamuru wakala afute treki na faili lake, uone kama anaweza.