Manjano kwa Mtoto Mchanga: Siku Ilipoanza Ina Uzito Kuliko Rangi

Mzazi anaponiletea mtoto mchanga mwenye macho ya njano, huuliza kwanza ni lini alianza kuyaona hivyo. Mtoto huzaliwa na chembechembe nyekundu za damu nyingi kuliko zetu, nazo hufa kabla ya siku 120 ambazo zetu hudumu. Zinapovunjika hutoa bilirubini, rangi ambayo kabla ya kuzaliwa iliondolewa kupitia kondo la nyuma na ini la mama. Sasa ini la mtoto, ambalo bado ni changa, huachiwa kazi hiyo peke yake na kuelemewa. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 njiti, hupata manjano wiki ya kwanza. (Hali hii haihusiani na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu.)

Manjano ya kawaida huonekana siku ya 2 au ya 3 na kufifia ndani ya wiki 2. Yakionekana kabla ya saa 24 kutimia, siyachukulii kuwa ya kawaida hata kidogo: huenda damu ya mama wa kundi O haipatani na ya mtoto wa kundi A au B, au kuna maambukizi, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Bonyeza kidogo ncha ya pua kwa kidole, uachie, utazame rangi kabla damu haijarudi. Kwa ngozi nyeusi, fizi na weupe wa macho husema zaidi. Hata hivyo, jicho langu lenye uzoefu nalo haliwezi kukadiria kiwango, hivyo hupima damu. Bilirubini ikizidi mno huingia kwenye ubongo, na mtoto husinzia kupita kiasi, hukataa titi, hulia kwa sauti kali na kukunja mgongo kwa nyuma.

Tiba kuu ni mwanga wa buluu, ambao huibadilisha bilirubini ngozini ili itoke mwilini, huku mtoto akiwa amefunikwa macho na akinyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kumwanika juani siko kumtibu, kwani jua huunguza na kipimo chake hakidhibitiki.

Manjano yakipita wiki 2, fungueni nepi: choo cheupe kama chokaa pamoja na mkojo mweusi huashiria kuziba kwa mirija ya nyongo, na upasuaji wake hufaulu zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60.