Tirani wa Kigiriki si lazima awe dhalimu

Peisistratos, aliyeutawala mji wa Athens wa Ugiriki ya kale katika karne ya 6 KK, akitajwa kwa Kiswahili, huitwa ama dhalimu ama dikteta. Nimeyasikia maneno hayo kwenye vipindi vya historia, nimeyasoma kwenye insha za wanafunzi na kwenye mabishano ya siasa, na hakuna hata moja linalomfaa.

Tirani, kwa Wagiriki wa karne ya 7 na ya 6 KK, ni mtu aliyejitwalia utawala wa mji pasipo kuurithi wala kupewa na sheria. Maana inaishia hapo. Inatuambia alivyokipata kiti, haituambii alivyowatendea watu alipokwisha kukikalia.

Neno lenyewe, tyrannos, yaelekea hata si la Kigiriki kwa asili. Wengi hulihusisha na Lydia, ufalme uliokuwa magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki. Halimo kabisa katika tenzi za Homer. Tunalikuta kwanza katika ushairi wa Archilochos, karne ya 7 KK, penye beti zinazomtaja Gyges wa Lydia na dhahabu yake. Huyo Gyges, kwa masimulizi ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alimuua bwana wake mfalme Kandaules, akamwoa mjane wake na kuishika nchi. Katika beti hizo msemaji anasema mali ya Gyges haimtii wivu, wala hautamani utirani. Hakuna mtu anayejisifu kwa kutokitamani kitu ambacho kila mtu anakichukia. Kwa hiyo wakati ule neno lilibeba utajiri, fahari na bahati ya mtu aliyepanda juu kwa nguvu zake. Laana ilikuja baadaye.

Peisistratos aliutwaa mji mara tatu. Mara ya kwanza, yapata 561 KK, alijijeruhi mwenyewe na nyumbu wake, akaingia sokoni akilia kwamba maadui walitaka kumuua. Watu wakamhurumia na kumpa walinzi wenye marungu, naye akawatumia walinzi haohao kuiteka Akropoli, ngome ya mji iliyo juu ya kilima. Alipofukuzwa, akarudi akiwa garini pamoja na mwanamke mrefu aitwaye Phye, aliyevalishwa silaha kama mungu Athena, na wapiga mbiu wakatangulia kusema kwamba mungu mwenyewe anamrudisha. Herodotus alishangaa sana kwamba watu wa Athens, walioonekana werevu kuliko Wagiriki wengine, waliukubali mchezo huo. Akafukuzwa tena. Mwaka 546 KK akashuka Marathon, pwani ya Athens, na askari wa kukodiwa, akashinda vita huko Pallene, na safari hii akatawala mpaka kufa kwake mwaka 527 KK.

Kuingia kwake, basi, kulikuwa kwa hila na kwa silaha, na hapo utirani wake haupingiki. Lakini tazama alivyotawala. Herodotus anasema hakuzivuruga ofisi zilizokuwepo wala hakuzibadili sheria. Kitabu cha katiba ya Athens, kinachohusishwa na Aristotle, kinaeleza kwamba aliwakopesha wakulima maskini, akaweka mahakimu wa kuzunguka vijijini, na aliposhtakiwa kwa mauaji alifika barazani Areopago ajitetee kama raia mwingine. Mshtaki ndiye aliyeogopa, hakutokea. Humo mna kisa cha mkulima wa mlima Hymettos aliyekuwa akichimba mawe matupu. Akaulizwa shamba linampa nini. Akajibu, bila kujua aliyemwuliza ametumwa na nani, kwamba linampa maumivu na taabu, na Peisistratos aje achukue sehemu yake ya kumi humohumo. Peisistratos akamsamehe kodi zote. Kitabu hicho kinasema wazi kwamba aliutawala mji kama raia kuliko kama tirani.

Hakuwa malaika. Watoto wa wapinzani wake aliwashika mateka na kuwapeleka kisiwa cha Naxos, na mwanahistoria Thucydides anakumbusha kwamba ukoo ule ulihakikisha daima kuna mtu wao katika vyeo vya juu. Mwizi wa ng'ombe aweza kuwa mfugaji hodari, na ng'ombe wakinenepa bado si wake. Nimwitapo tirani simsafishi. Ninachokataa ni kuyachanganya makosa mawili: kuutwaa utawala usio wako, na kuwatesa watu ukishautwaa.

Kosa la pili alilifanya mwanawe Hippias. Mwaka 514 KK raia wawili, Harmodios na Aristogeiton, walimuua Hipparchos, mwana mwingine wa Peisistratos, kwenye sikukuu ya Panathenaia, kwa ugomvi ulioanzia kwenye mapenzi. Kaka yake Hippias, aliyekuwa ndiye mtawala hasa, akajaa hofu na kisasi, akaua watu wengi, hadi Wasparta walipomtoa mwaka 510 KK. Alikimbilia kwa Waajemi, na mwaka 490 KK alikuja pamoja na jeshi lao mpaka Marathon, palepale baba yake aliposhuka. Watu wa Athens wakawasimamishia wauaji wale sanamu sokoni, na kumbukumbu ya miaka minne ile ikafunika miaka mingi ya baba. Karne ya 4 KK, Plato na Aristotle wakaipa chuki hiyo sura ya nadharia: mfalme hutawala kwa faida ya wote, tirani kwa faida yake. Maana hiyo ya wanafalsafa ndiyo tuliyoirithi, nasi tukaisukuma nyuma kwa watu waliokufa kabla haijazaliwa.

Neno dikteta linaniudhi zaidi. Lilitoka Roma, na huko lilikuwa cheo halali: mtu aliteuliwa wakati wa hatari, kwa muda usiozidi miezi 6, kisha akakiachia. Sulla na Julius Caesar ndio walioupuuza mpaka huo. Kumwita Peisistratos dikteta, kwa maana hiyo ya asili, ni kumpa uhalali ambao hakuwa nao, na kwa maana ya leo ni kumpa ukatili ambao vyanzo vyetu havimpi.

Ndugu mnaoandika na kufundisha historia hii, ninaomba jambo dogo. Peisistratos mwiteni tirani, na mueleze palepale kwamba aliutwaa mji kwa mabavu. Neno dhalimu liwekeni kwa Hippias, tena kuanzia mwaka 514 KK.